Kuona Kikubwa Si Kuona Vyema

Darubini imekuwa miongoni mwa zawadi ambazo wazazi huwanunulia watoto wanaopenda elimu ya anga. Ni zawadi njema, lakini mara nyingi haitimizi mwezi kabla ya kuhamia juu ya kabati. Mtoto aliahidiwa, kwa maandishi makubwa ya sandukuni, kwamba ataona vitu vimekuzwa mara 500. Alipochungulia akaona doa la kijivu linalotetemeka. Huvunjika moyo, na wazazi nao hudhani fedha zao zimepotea bure. Aghalabu chombo chenyewe hakina kasoro. Kinachokosekana ni kujua namna ya kukitumia, na hilo ndilo tunalokusudia kulieleza wiki hii.

Tuanze na hesabu, ambayo hata mwanafunzi wa shule ya msingi aiweza. Kila darubini ina urefu wa fokasi ulioandikwa ubavuni mwake, na kila lenzi ya jicho, ile ndogo ya kuchungulia, ina urefu wake. Ugawanye wa kwanza kwa wa pili. Darubini ya milimita 700 ikitiwa lenzi ya milimita 20 hukuza mara 35. Ikitiwa ya milimita 10 hukuza mara 70. Ikitiwa ya milimita 4 hukuza mara 175. Kumbe lenzi yenye nambari ndogo ndiyo inayokuza zaidi.

Hata hivyo, kuna mpaka. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kuuzidisha mara mbili upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Kioo cha milimita 70 hakifai kupita mara 140, hata hewa ikiwa tulivu kabisa. Sababu ni kwamba nuru inayoingia haiongezeki. Ukiongeza ukuzaji maradufu, nuru ile ile hutandazwa juu ya eneo kubwa mara nne. Ni mfano wa donge moja la unga linalosukumwa hadi lienee sinia nzima: chapati itaenea, lakini itatoboka. Mtaka yote hukosa yote.

Wala ukuzaji mdogo si wa kudharauliwa. Mwaka 1610 Galileo aliiona miezi minne ya Mshtarii kwa darubini iliyokuza takriban mara 20. Mwaka 1655 Huygens aliugundua Titan, mwezi mkubwa wa Zohali, kwa ukuzaji wa takriban mara 50. Pete za Zohali, zinapotuelekea vyema, huonekana kwa kiasi hicho hicho.

Ukitaka kukuza zaidi na bado uone kwa ukali, tunashauri haya. Itoe darubini nje nusu saa kabla ya kutazama, ili vioo vifikie joto la hewa ya usiku. Usitazame kwa dirishani, wala juu ya paa la bati au sakafu ya saruji iliyopigwa na jua mchana kutwa, kwa kuwa joto linalopanda huitikisa taswira. Bustani au uwanja wenye nyasi ni bora. Nyota zikimetameta mno, hewa haijatulia; usiku huo tosheka na lenzi ya milimita 20.

Anza daima na lenzi dhaifu, ukiweke kitu katikati, kisha ndipo ubadilishe. Zungusha kirekebishio polepole, uache mkono, usubiri mtikisiko utulie. Kisha endelea kutazama kwa dakika kadhaa, kwani hewa hutulia kwa nukta chache tu, na hapo ndipo mikanda ya Mshtarii hujitokeza.

Lenzi kali hulilazimisha jicho kusogea karibu mno. Kope zenye wanja huacha alama juu ya kioo, na alama hiyo hutia ukungu katika kila kinachotazamwa. Ni vyema kuosha uso kwanza, na kutoifuta lenzi kwa ncha ya mtandio. Mwenye miwani ya kuona mbali au karibu tu anaweza kuivua na kurekebisha upya.

Sisi wa pwani tuna bahati moja. Kwa kuwa tu karibu na Ikweta, sayari hupita juu sana angani, na nuru yake hupenya hewa chache kuliko kwa watu wa Ulaya. Basi zisubiri zipande; zinapokuwa karibu na upeo wa macho, hakuna lenzi itakayozisafisha.

Sharti moja halina mjadala: mtoto asiielekeze darubini kwenye jua hata kwa nukta moja. Kichujio kidogo cha jua kinachofungwa kwenye lenzi ya jicho huweza kupasuka kwa joto na kumpofusha papo hapo. Kikiwamo sandukuni, kitupwe kabla mtoto hajakiona.