Saa Mbili ya Nani? Misingi ya Kubuni Programu za Simu za Afya kwa Kumtanguliza Mtumiaji

Katika mitaa ya Kariakoo, jijini Dar es Salaam, simu za kila aina huuzwa na kutengenezwa kutwa kucha, hasa katika Mtaa wa Aggrey na mitaa ya jirani. Mchuuzi, mpagazi, mama lishe na mwenye duka la jumla, kila mmoja ana simu mkononi, na wengi wao hulipa na kulipwa kwa simu hiyo. Kwa sababu hiyo, simu imekuwa njia mojawapo ya kumkumbusha mgonjwa dawa, kumwita kliniki na kumpa elimu ya afya. Hata hivyo, mtu kuwa na simu hakumaanishi kwamba ataielewa kila programu iliyomo. Makala hii inaeleza misingi ya kubuni programu za afya kwa kumtanguliza mtumiaji, na jinsi utata mdogo kwenye kioo cha simu unavyoweza kugeuka kosa la dozi.

Kiolesura ni nini?

Programu ya simu ina sehemu kuu tatu. Ya kwanza ni kiolesura, yaani kila kitu ambacho mtumiaji hukiona, hukigusa au hukisikia: maandishi, vitufe, picha na milio. Ya pili ni kanuni zinazoamua programu ifanye nini na wakati gani. Ya tatu ni hifadhi ya taarifa, ambayo huweza kuwa ndani ya simu au katika kompyuta iliyo mbali. Mgonjwa haoni sehemu mbili za mwisho. Kwake yeye, kiolesura ndiyo programu yenyewe. Kanuni zikiwa sahihi lakini kiolesura kikawa na utata, mgonjwa atatenda kulingana na alichokielewa.

Mfano wa saa na dozi

Mfano ulio wazi zaidi kwa wasemaji wa Kiswahili ni saa. Saa ya simu huanza kuhesabu usiku wa manane, ilhali saa ya Kiswahili huanza kuhesabu kunapopambazuka. Tofauti yake ni saa sita. Mgonjwa akiambiwa kliniki ameze dawa saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, kisha yeye mwenyewe akaandika 2:00 kwenye kikumbusho cha simu, kengele italia saa nane usiku akiwa usingizini. Wabunifu wengi huchukua programu iliyotungwa ughaibuni, wakatafsiri maneno yake na kuiacha saa kama ilivyokuwa. Tafsiri ya namna hiyo hubadili lugha bila kubadili hesabu ya siku.

Dawa mseto ya malaria, ALu, inaonyesha uzito wa jambo hili. Dozi ya pili humezwa baada ya saa nane tangu ile ya kwanza, kisha dozi zinazofuata humezwa asubuhi na jioni kwa siku mbili. Aliyemeza dozi ya kwanza saa nne asubuhi anapaswa kumeza ya pili saa kumi na mbili jioni ya siku hiyohiyo. Programu iliyobuniwa vyema haimwachii mgonjwa hesabu hiyo. Humwuliza amemeza dozi ya kwanza saa ngapi, huhesabu yenyewe, kisha huandika kwa maneno “saa kumi na mbili jioni”, pamoja na picha ya jua linalotua.

Utata wa aina hii upo pia katika maelekezo yaliyozoeleka ya “kutwa mara tatu”. Kwa kuwa kutwa ni mchana wote, mgonjwa aweza kumaliza vidonge vitatu kati ya asubuhi na magharibi, akalala usiku mzima bila dawa, hata kama dawa yenyewe ilihitaji kupangwa kila baada ya saa nane. Programu inayonakili maneno hayo bila kuyafafanua hunakili pia utata wake.

Kumjua mtumiaji mahali alipo

Kanuni ya kimataifa ya ubunifu unaomzingatia mtumiaji, ISO 9241-210, iliyotolewa mwaka 2010 na kuhuishwa mwaka 2019, inataja kazi nne: kuelewa mazingira ya matumizi, kubainisha mahitaji ya mtumiaji, kubuni suluhisho, na kulipima suluhisho hilo. Kazi ya kwanza haiwezi kufanyika ofisini pekee. Mbunifu anayetaka kuwahudumia wagonjwa wa kisukari au shinikizo la damu wanaofanya kazi sokoni hana budi kufika sokoni.

Huko ataona kwamba jua kali hufifisha maandishi ya rangi hafifu. Kwamba makelele ya wachuuzi na magari humeza mlio mdogo wa simu. Kwamba mikono ya muuza samaki ina maji na haigusi kioo kwa urahisi. Kwamba mpagazi hushika simu kwa mkono mmoja. Atakuta pia simu zenye vioo vilivyopasuka, simu za vitufe, na simu moja inayotumiwa na watu wawili au watatu. Kutokana na hayo, mahitaji yanajitokeza yenyewe: maandishi makubwa na meusi, vitufe vipana, mtikisiko pamoja na mlio, na programu inayoendelea kufanya kazi hata kifurushi cha intaneti kinapokwisha.

Mara nyingine jibu sahihi si programu ya simu janja kabisa. Wafanyabiashara wengi wamezoea kupiga *150*00# na kuchagua namba katika orodha fupi ili kutuma fedha. Orodha za aina hiyo hufanya kazi bila intaneti, hata kwenye simu ya vitufe. Ujumbe mfupi nao una faida ya kubaki katika simu ili usomwe tena, ingawa faida hiyohiyo ni hatari pale simu inapokuwa ya watu wengi.

Majaribio mawili ya Afrika Mashariki

Nchini Kenya, utafiti wa WelTel, uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2010, uliwahusisha watu 538 walioanza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI katika kliniki tatu. Nusu yao hivi walipokea kila wiki ujumbe wa neno moja: “Mambo?” Walitakiwa kujibu “Sawa” au “Shida” ndani ya saa 48, aliyejibu shida, au aliyekaa kimya, alipigiwa simu na mhudumu. Waliotumia dawa ipasavyo kwa maelezo yao walikuwa asilimia 62 katika kundi hilo, dhidi ya asilimia 50 katika kundi lisilotumiwa ujumbe. Ujumbe huo haukutaja ugonjwa, dawa wala kliniki. Yeyote ambaye angeushika simu kwa bahati mbaya angeona salamu ya kawaida tu.

Nchini Tanzania, mradi wa SMS for Life ulijaribiwa kati ya mwaka 2009 na 2010 katika vituo 129 vya afya vya Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini. Kila wiki wahudumu walitumiwa ujumbe wa kuuliza akiba ya dawa za malaria, nao walijibu kwa simu zao wenyewe bila gharama. Vituo vilivyoishiwa angalau aina moja ya dawa za malaria vilishuka kutoka asilimia 78 katika wiki ya kwanza hadi asilimia 26 katika wiki ya 21. Majaribio yote mawili yalitumia teknolojia ya kawaida kabisa; nguvu yake ilikuwa katika swali fupi, jibu jepesi, na mtu aliyekuwa tayari kulishughulikia jibu hilo.

Kupima kabla ya kusambaza

Kiolesura huanzia kwenye karatasi. Skrini huchorwa kwa kalamu, mgonjwa huombwa aonyeshe angebonyeza wapi, na mbunifu hutazama bila kumwelekeza. Mtaalamu Jakob Nielsen alitetea kwamba watu watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro, mradi kasoro zirekebishwe na jaribio lirudiwe. Mgonjwa akikosea, kinachorekebishwa ni mchoro. Kasoro iliyogunduliwa kwenye karatasi hugharimu kifutio. Iliyogunduliwa baada ya programu kusambazwa huweza kugharimu afya ya mtu.

Mambo ya kuzingatia

Mhudumu wa afya anayempendekezea mgonjwa programu anashauriwa kumwomba mgonjwa aitumie mbele yake, kisha aeleze kwa maneno yake mwenyewe atameza dawa lini: asubuhi, mchana au usiku. Ahakikishe pia kengele imewekwa kwa saa sahihi.

Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza taarifa zake zinahifadhiwa wapi na nani anaziona. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Asipoelewa maelekezo ya programu, asikisie dozi; awasiliane na kituo chake cha afya au mfamasia. Aidha, amweleze mhudumu ni sehemu ipi iliyomtatiza, kwa kuwa maelezo hayo ndiyo msaada mkubwa kuliko wote kwa mbunifu wa toleo linalofuata.