Pampu Ichaguliwe Nyumbani, Si Kando ya Barabara

Jumamosi moja tulitoka Mwenge wanne, kabla jua halijachomoza, tukaishika barabara ya Bagamoyo. Tegeta tukaipita, Bunju tukaipita, na baridi ya asubuhi ikatusindikiza hadi Mapinga. Tulipoikaribia Kerege, gurudumu la nyuma la mwenzetu likaanza kulegea, na baada ya mita chache rimu ikawa inagonga lami.

Kubadili tyubu hakukutuchukua hata dakika kumi. Tabu ilianza tulipotoa pampu. Ilikuwa mpya na nyepesi, nami nilikuwa nimeinunua wiki ileile. Lakini kichwa chake kilikuwa cha valvu nene, ile inayofanana na ya gari, na valvu ya mwenzetu ilikuwa nyembamba yenye kinati kidogo juu. Tulijaribu kushikiza kwa vidole, upepo ukapotelea pembeni. Jua likapanda.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli yake nyeusi ya Phoenix, nyuma kafunga gunia la mkaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Mmepata pancha?"

Hakusubiri tumalize kueleza. Alichomoa pampu ndefu iliyobanwa kwenye fremu, akatoa mrija mfupi uliohifadhiwa ndani ya mpini, akauskurubu kwenye valvu. Uliingia sawasawa, kwa sababu valvu za baiskeli hizi za zamani na zile nyembamba za baiskeli za mashindano hupokea kichwa cha namna moja. Tairi halikupata ugumu tuliouzoea, lakini upepo ulitosha kutufikisha Bagamoyo.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza anunue pampu gani ya safari, namrudishia swali: gurudumu lako likoje? Wengi huanza na bei, rangi au wepesi wa pampu. Aanze na baiskeli yake.

Jambo la kwanza ni valvu. Zinazopatikana kwetu ni za aina tatu. Ya kwanza ni nene, sawa na ya gari na pikipiki, na baiskeli nyingi za milimani na za watoto zinayo. Ya pili ni nyembamba, na lazima ulegeze kinati cha juu kabla ya kujaza. Hii ni ya baiskeli za mbio. Ya tatu ni ile ya Phoenix na ndugu zake, yenye kimpira ndani kinachozuia upepo usirudi. Pampu nzuri ya safari huwa na kichwa kinachokubali valvu nene na nyembamba. Kama yako ina tundu moja tu, nunua kiunganishi cha shaba. Ni kidogo kuliko kifundo cha kidole, na ukikiweka kwenye mfuko wa tandiko utakisahau hadi siku utakapokihitaji.

Jambo la pili ni tairi lenyewe: linataka upepo mwingi, au linataka upepo mkali? Hayo ni mambo mawili tofauti, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Tairi jembamba la mbio huhitaji upepo kidogo lakini uliobanwa sana, mara nyingi kati ya 80 na 100 kwa kipimo cha PSI. Tairi pana la njia za vumbi huridhika na 30 hivi, ila tumbo lake ni kubwa na huchukua muda kujaa. Kiwango cha tairi lako kimeandikwa ubavuni mwake. Kisome kabla ya kwenda dukani.

Sasa tazama pampu. Yenye mwili mnene humeza hewa nyingi kila unapovuta, lakini kadiri tairi linavyokuwa gumu ndivyo inavyokataa kusukumika. Chukua mfano wa pistoni yenye upana wa milimita 30. Ukitaka kufika PSI 100, mkono wako utasukuma kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 50 hivi. Ya milimita 20 itakudai kilo 22 tu. Kwa hiyo mwenye tairi la mbio atafute pampu nyembamba. Mwenye tairi pana anageuza hesabu: kwa pampu yenye mvuto wa sentimita 15, ile nyembamba itamsukumisha zaidi ya mara 200 kufika PSI 30, na ile nene itamaliza kazi kwa mara 100 hivi. Hizo ni hesabu za karatasini. Njiani, upepo ukivuja kidogo kila msukumo, zitaongezeka.

Jambo la tatu ni mrija. Pampu inayobanwa moja kwa moja kwenye valvu huiyumbisha kila unaposukuma, na valvu ikiyumba mno huchanika pale inapoungana na tyubu. Hapo umepoteza tyubu nzima, na kiraka hakisaidii. Mrija mfupi unaopinda huuacha mkono ucheze bila kuitesa valvu. Kati ya pampu mbili za bei moja, moja ina mrija na nyingine haina, chukua yenye mrija bila kusita.

Siku hizi pampu ya mkono ina wapinzani wawili. Wa kwanza ni mtungi mdogo wa gesi ya kaboni dioksidi. Ule wa gramu 16 hulijaza tairi la mbio kwa sekunde chache, na ndiyo maana washindani huupenda. Lakini hutumika mara moja tu. Kwa tairi pana la milimani mara nyingi haufikishi ugumu unaotakiwa. Gesi ikitoka, chuma hupoa ghafla kiasi cha kuunguza ngozi kwa baridi, kwa hiyo uvae glovu. Tena gesi hiyo hupenya mpira wa tyubu upesi kuliko hewa ya kawaida, na kesho yake utalikuta tairi limelegea. Itakubidi uitoe ujaze upya. Usafiripo kwa ndege, uliza kwanza, maana mashirika mengi huikataa mitungi hiyo.

Wa pili ni pampu ndogo ya betri. Unaiweka kiganjani, unachagua kiwango, unabonyeza, nayo hujizima tairi likifika. Kwa mwenye mikono dhaifu au mwenye maumivu ya bega, huu ni msaada wa kweli. Udhaifu wake ni chaji. Zile ndogo kabisa hujaza tairi moja au mbili, kisha zinataka umeme, na betri iliyokaa wiki kadhaa mfukoni bila kuguswa inaweza kukuangusha siku ya haja.

Sizikatai zote mbili. Nasema zije baada ya pampu ya mkono, zisichukue nafasi yake. Barabara zetu hazitoi pancha moja tu kwa siku. Ukitoka kwenye lami ukaingia njia ya vumbi wakati wa kiangazi, mbigili moja ina miba ya kutosha kutoboa magurudumu yote mawili, na mwenzako anayekufuata huipita njia hiyohiyo. Mtungi huisha na chaji huisha. Pampu ya mkono hudai pumzi na subira tu. Ikichoka, mara nyingi kilichochoka ni washa ya ndani, na fundi wa kijiweni huifungua, akaipaka grisi au akaibadilisha kwa ngozi au mpira, ikaendelea kufanya kazi.

Usiidharau pampu kubwa ya kusimama nayo, ile wanayokuwa nayo mafundi. Hiyo si ya kubeba, ni ya nyumbani. Mwenye nayo yenye geji hupima upepo kabla ya kila safari, na kwa kufanya hivyo tu hupunguza pancha. Tairi lililolegea likigonga shimo, tyubu hubanwa kati ya ukingo wa shimo na rimu ikatoboka matundu mawili sambamba, kama alama za meno ya nyoka. Ukiyaona matundu hayo, usiutafute msumari. Upepo ulikuwa mdogo tangu mlipotoka nyumbani.

Neno langu la mwisho ni kwako unayepanga kutoka wikiendi hii. Ijumaa jioni, ukiwa bado una mwanga na maji ya kunawa, toa upepo wote kwenye gurudumu moja. Kisha lijaze kwa pampu ileile utakayoibeba, kwa mikono yako mwenyewe, mpaka liwe gumu la kupandwa. Utajua kama kichwa kinashika, kama mrija hauvuji, kama mkono wako unaimudu. Kama haikufai, duka bado liko wazi na hujafika Kerege.

Mzee yule hakutaka malipo. Aliirudisha pampu yake kwenye fremu, akafunga gunia vizuri, akatuombea safari njema. Baiskeli yake ilikuwa na umri mkubwa kuliko baadhi yetu, na alikuwa hajaacha kubeba pampu yake. Nawe usiiache yako.