KARAFUU KATIKA BIRIKA LA CHAI



Kuna mtindo majumbani mwetu ambao haufai. Karafuu njema twazipeleka kituoni kuuza, na zile zilizonyeshewa zikavunda twazitia katika chai yetu wenyewe. Mgeni akinywa na kukunja uso, twayalaumu majani ya chai. Basi twaona yafaa kueleza namna ya kuichagua karafuu ya chai na namna ya kuipika.

Harufu ya karafuu ni mafuta yake. Karafuu kavu iliyo njema ina mafuta kiasi cha asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake. Makonyo nayo yana mafuta, lakini machache, kiasi cha asilimia 6 tu. Kwa hiyo anayechanganya makonyo katika viungo vya chai amwuzia mwenziwe vijiti. Karafuu mbichi zikilundikwa usiku kucha hupata joto na kuvunda, na zikikauka huwa nyeupe-nyeupe zenye makunyanzi. Hizo hata sukari haiziponyi.

Njia ya kuzijua ni nyepesi. Tia karafuu chache katika gilasi ya maji. Iliyo njema huzama, au husimama wima kichwa juu. Iliyokwisha mafuta huelea kwa ubavu.

Sasa mapishi. Kosa la wengi ni kutia kila kitu mara moja. Viungo ni vigumu, vyataka moto. Majani ya chai ni laini, na yakichemka sana hutoa uchungu unaokausha ulimi. Kwa vikombe 4, chukua karafuu 3 au 4, kipande cha mdalasini, iliki 3 zilizopondwa na tangawizi kidogo. Chemsha kwa dakika 10. Kisha epua, tia majani ya chai vijiko viwili vidogo, funika kwa dakika 4, uchuje. Majani makubwa hufunguka polepole na hutaka nafasi, basi yaacheni yaogelee katika birika. Ya unga hukoza upesi, nayo yapunguzeni muda.

Asiyetaka majani ya chai, hasa usiku, aweza kuchemsha karafuu na mdalasini pamoja na maganda ya chungwa yaliyooshwa vizuri, au ukwaju uliochujwa kokwa. Kinywaji hicho kisitiwe maziwa, maana ukali wa matunda huyakatisha.

Karafuu ziwekeni nzima katika chupa yenye kifuniko, mbali na jua na jiko. Zikisagwa, harufu hukimbia upesi. Sageni za kutumia siku hiyo tu. Tena tahadhari: mafuta ya karafuu ya chupani si kitu cha kutia katika kikombe. Ni makali mno, na mtoto akiyanywa huweza kumdhuru ini. Yawekeni mbali na watoto.

Yote haya yaanzia shambani: kuchuma kabla ua halijafunguka, kuchambua makonyo siku ile ile, kuanika bila kukawia na kuanua kabla ya mvua. Mnunuzi wa mbali hamwoni mkulima wala jamvi lake. Aona kikombe chake tu. Tuanze kunywa karafuu zile zile tunazouza, nasi tutajua anachokionja mwenzetu.

Katibu wenu