Viongozi wa Dini ya Kiislamu na Swali la Mapenzi ya Jinsia Moja: Maelezo kwa Wachungaji

UTANGULIZI

Tarehe 15 Februari 2025, huko Bethelsdorp karibu na Gqeberha, Afrika Kusini, imamu mmjoa aitwaye Muhsin Hendricks alipigwa risasi na kufa akiwa ndani ya gari. Alikuwa mzaliwa wa Cape Town, mwenye umri wa miaka 57. Tangu mwaka 1996 alijulikana kuwa Mwislamu aliyetangaza wazi kwamba yeye ni shoga, na ambaye hakukubali kwamba kwa sababu hiyo imempasa kuiacha dini yake.

Wengi wetu tunapoulizwa Uislamu wasemaje juu ya jambo hili, tunajibu kwa sentensi moja kisha tunanyamaza. Jibu hilo laweza kuwa sahihi kwa sehemu, lakini mchungaji anayeishi kati ya Waislamu hawezi kuridhika nalo. Makala hii yakusudia kueleza mambo matatu: kwanza, wanazuoni wa Kiislamu wamefundisha nini tangu zamani, pili, ni akina nani wanaofundisha vingine na kwa hoja zipi, tatu, habari hii yatuhusu nini sisi watumishi wa Kanisa.

1. MANENO TUNAYOYATUMIA

Yafaa tuanze na lugha yetu. Neno "liwati", pamoja na "kulawiti" na "mlawiti", limetoka katika Kiarabu, nalo limejengwa juu ya jina la Nabii Luti, ambaye Biblia yetu humwita Lutu. Katika Kurani Luti ni nabii aliyetumwa kuwaonya watu wa mji wake. Kwa hiyo mtu anapotamka neno hilo, anatamka fikihi ya Kiislamu hata kama hajui. Nasi Wakristo tumo katika jambo hilo, kwa maana watafsiri wa Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 walipofika 1 Wakorintho 6:9, ambapo Paulo ametumia neno la Kiyunani lisilo na uhusiano wowote na Lutu, waliandika "walawiti".

Neno "shoga" nalo lilikuwa, na pwani lingali, neno la mwanamke kumwita rafiki yake mwanamke. "Hanithi" ni neno la Kiarabu pia. Hadithi za Mtume zawataja wanaume wenye mwenendo wa kike waliokuwa wakiingia katika nyumba za Madina, na mmoja wao akazuiwa asiingie tena baada ya kusikiwa akieleza umbo la mwanamke. Tazama basi jinsi maneno haya yalivyo na maana mbalimbali: moja lataja tendo, jingine urafiki, jingine tabia ya mtu. Mjadala wote tutakaoueleza hapa chini umesimama juu ya swali hili: je, tendo lililokatazwa katika habari za Luti ndilo lile lile linalosemwa leo juu ya watu wawili wapendanao?

2. MAFUNDISHO YALIYOPOKEWA

Habari za Luti zimo katika sura kadhaa za Kurani, miongoni mwake sura ya 7, 11, 26, 27 na 29. Luti awalaumu watu wake kwa kuwaendea wanaume kwa matamanio badala ya wanawake, na mji unaangamizwa. Lakini Kurani haitaji waziwazi adhabu ambayo kadhi atampa mtu kwa kosa hilo. Aya ya 4:16, ambayo wengine huitaja, imefasiriwa kwa namna mbalimbali.

Adhabu zilitafutwa katika hadithi na katika kulinganisha kosa hili na zinaa. Iko hadithi katika vitabu vya Abu Dawud, Tirmidhi na Ibn Majah inayoamuru watendaji wote wawili wauawe; haimo katika Bukhari wala Muslim. Hapo madhehebu yaliachana. Wamaliki walihukumu kifo. Kwa Washafi, kauli iliyo mashuhuri yalifananisha kosa hili na zinaa. Abu Hanifa alisema si zinaa, hivyo halina adhabu iliyowekwa na Mungu, bali kadhi atatia adabu kwa kadiri aonavyo. Wanafunzi wake wawili wakuu hawakukubaliana naye. Ibn Hazm wa Hispania, katika karne ya 11, aliikataa hadithi ile kuwa si sahihi, akaona adhabu isizidi viboko kumi.

Tusidanganyike hapa. Wanazuoni hawa walitofautiana juu ya adhabu, hawakutofautiana juu ya katazo. Wote walisema tendo hilo ni haramu, na hadi leo ndiyo kauli ya walio wengi sana katika Uislamu, Wasuni na Washia. Pamoja na hayo walifundisha kwamba mwelekeo wa moyo si dhambi ya kuhukumiwa, na kwamba zinaa haithibitiki ila kwa mashahidi wanne walioona kwa macho. Kufunua sitara ya mtu lilikuwa jambo la kulaumiwa.

3. IMAMU WA CAPE TOWN

Waislamu wa Cape Town kwa sehemu kubwa ni wazao wa watumwa na wafungwa walioletwa na Waholanzi kutoka Asia. Hufuata madhehebu ya Shafi, kama ndugu zao wa Zanzibar, Mombasa, Lamu na Komoro. Hendricks alilelewa katika jamii hiyo. Alikwenda Karachi, Pakistan, akasoma elimu ya dini, akarudi akafundisha. Alioa, akapata watoto. Ndoa ilivunjika, na mwaka 1996 akajitangaza.

Mwaka huo huo Afrika Kusini ilipata katiba yake mpya, ambayo kifungu cha 9 kilikataza ubaguzi kwa sababu ya mwelekeo wa kijinsia. Lakini ulinzi wa katiba haukumpa nafasi msikitini. Alianza kukutana na Waislamu wengine waliokuwa katika hali yake, na kutokana na mikutano hiyo kikazaliwa chama kilichoitwa The Inner Circle. Mwaka 2011 alianzisha mahali pa kuswali, Masjidul Ghurbaah. Jina hilo lina mafumbo yake. Katika hadithi iliyo katika kitabu cha Muslim, Mtume asema kwamba Uislamu ulianza ukiwa mgeni na utarudi kuwa mgeni, basi heri yao walio wageni. Sisi tunalijua neno hilo katika Kiswahili: gharibu. Ulikuwa msikiti wa magharibu, yaani watu wasio na kwao.

Huko aliozesha watu wa jinsia moja, na pia wanawake wa Kiislamu na wanaume wasio Waislamu. Baraza la wanazuoni liitwalo Muslim Judicial Council lilimpinga kwa miaka mingi, na mwaka 2022 likatoa fatwa iliyokariri kwamba matendo hayo na ndoa za namna hiyo ni haramu. Alipouawa, baraza hilo hilo lilisema kwamba halikubaliani na mafundisho yake, lakini lalaani kuuawa kwake bila shaka yoyote. Mambo hayo mawili yalisemwa pamoja, na yafaa tuyakumbuke pamoja.

4. WENGINE WALIO MFANO WAKE

Hendricks hakuwa peke yake. Huko Marekani yuko Daayiee Abdullah, aliyezaliwa Detroit mwaka 1954 katika nyumba ya Wabaptisti, akasilimu alipokuwa China. Yeye hakuanza uimamu wake kwa mahubiri bali kwa maziko. Mwislamu mmoja shoga alikuwa amekufa kwa UKIMWI, na maimamu walioombwa kumswalia walikataa. Abdullah akakubali. Kumwosha maiti, kumkafini, kumswalia na kumzika ni faradhi ya kifaya: wakiitimiza baadhi, wengine wamesamehewa, isipotimizwa na mtu yeyote, dhambi ni ya wote. Kwa hiyo hakudai kuleta sheria mpya. Alidai kutimiza ile ya zamani ambayo wenzake waliiacha.

Huko Ufaransa, Ludovic-Mohamed Zahed, mzaliwa wa Algiers, alifungua chumba cha sala mjini Paris mwishoni mwa mwaka 2012. Wanaume na wanawake waliswali pamoja, na mahali penyewe hapakutangazwa kwa ajili ya usalama. Viongozi wa Msikiti Mkuu wa Paris waliukataa mpango huo.

5. HOJA ZAO NA MAJIBU YA WENZAO

Aliyezipanga hoja hizi kwa utaratibu wa kitaalamu zaidi ni Scott Siraj al-Haqq Kugle, profesa wa Chuo Kikuu cha Emory, katika kitabu alichokitoa mwaka 2010. Asema kwamba watu wa Luti katika Kurani walikuwa wanyang'anyi wa njiani, waliomkataa nabii, na waliotaka kuwatenda jeuri wageni wake. Tena walikuwa na wake zao, nao wakawaacha. Kwa hiyo, asema, kinachohukumiwa ni ukatili na kiburi, wala si pendo la watu wawili walioumbwa na mwelekeo huo. Msomaji wa Biblia atakumbuka Ezekieli 16:49, ambapo uovu wa Sodoma watajwa kuwa kiburi, shibe, na kutomsaidia maskini.

Wanazuoni walio wengi hujibu kwamba dhambi nyingine za watu wale hazifuti ile iliyotajwa kwa jina. Aya za 7:81 na 26:165 zataja wanaume kuwaendea wanaume, bila kusema habari za jeuri. Huongeza kwamba umma wote umekubaliana kwa karne nyingi, na kukubaliana huko ni msingi wa sheria. Tena ndoa katika fikihi ni mkataba wa mume na mke, wala haujulikani mwingine. Majibu haya ni mazito, nasi tusiyapunguze. Lakini upande wa pili nao husoma Kurani ile ile na kuswali kuelekea kibla kile kile. Kusema kwamba wamefuata tu desturi za Ulaya si kuwaeleza ipasavyo.

6. YATUHUSU NINI?

Kanisa letu limekwisha kusema neno lake katika jambo hili. Baada ya Kanisa la Kilutheri la Marekani, ELCA, kufanya uamuzi wa mwaka 2009 juu ya watumishi wanaoishi katika mahusiano ya jinsia moja, na Kanisa la Sweden kukubali ndoa hizo mwaka huo huo, KKKT ilitoa Tamko la Dodoma mwaka 2010, ikikataa. Kanisa la Mekane Yesus la Ethiopia lilivunja ushirika na makanisa hayo mawili mwaka 2013. Makala hii haikuandikwa ili kufungua upya shauri hilo. Iko kazi nyingine iliyo mbele yetu, nayo yatoka katika Katekisimo Ndogo tunayoifundisha kipaimara.

Amri ya nane yatukataza kumshuhudia jirani uongo. Mhubiri asemaye kwamba Waislamu wote wataka watu hao wauawe, amewashuhudia uongo Abu Hanifa na baraza la Cape Town. Naye asemaye kwamba Uislamu umekwisha kukubali, amewashuhudia uongo walio wengi.

Amri ya tano yasema, "Usiue". Luther alifundisha kwamba haitoshi kutomdhuru jirani katika mwili wake. Yatupasa kumsaidia katika mahitaji yote ya mwili. Waliompiga risasi Hendricks walikuwa wachache, lakini wanaotamka maneno ya kumfanya mtu kuwa halali ya kuuawa ni wengi, na baadhi yao husimama mimbarani, msikitini na kanisani.

Na liko swali la maziko. Tunayo desturi ya nidhamu ya Kanisa, na tunajua familia zilizosimama kaburini bila mchungaji. Habari ya Abdullah yatuuliza: siku ya kufa mtu ambaye mwenendo wake hatukuukubali, ni nani atakayekwenda?

HITIMISHO

Tumeona kwamba katika Uislamu katazo ni la zamani na limekubaliwa na walio wengi, adhabu zimekuwa na mabishano tangu mwanzo, na wako viongozi wachache wanaosoma maandiko yao kwa namna nyingine na kulipa gharama kubwa. Mwanafunzi wa theolojia anayeyajua haya ataweza kuketi na shehe wa mtaa wake na kuzungumza naye kwa heshima. Si lazima wakubaliane katika yote. Lakini waweza kukubaliana kwamba damu ya mtu haimwagwi, na kwamba maiti haiachwi bila kuzikwa. Na katika vijiji na mitaa yetu, mapatano hayo mawili yaweza kuokoa mtu.