Kariakoo: Jina la soko lililoachwa na wapagazi wa vita

Ukishuka daladala Kariakoo, Dar es Salaam, au matatu pale Kariokor, Nairobi, umefika kwenye jina lilelile. Yote mawili yametoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Vita ile ilikuwa ya Ulaya. Ilifikaje huku?

Mjerumani alitawala Tanganyika, Mwingereza alikuwa Kenya. Novemba 1914 Waingereza walijaribu kuiteka Tanga kwa askari 8,000 hivi, wengi kutoka India. Wakachapwa na jeshi dogo mno kuliko lao.

Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alitaka Uingereza ishughulike na askari wengi huku ili wasipelekwe Ulaya. Kwa hiyo alikuwa anapiga na kuhama, mpaka Msumbiji na Zambia ya leo.

Kwa nini wapagazi?

Barabara zilikuwa chache, na mbung'o waliua farasi na ng'ombe. Risasi, unga na dawa vikapanda vichwani mwa watu. Shida ni kwamba mpagazi naye anakula. Safari ikiwa ndefu, anamaliza mzigo wa chakula njiani, basi wanatafutwa wengine wa kumbebea.

Uingereza pekee ilichukua watu wapatao milioni moja, wengi kwa nguvu. Inakadiriwa karibu 100,000 walikufa, wengi si kwa risasi bali kwa kuhara, malaria, nimonia na njaa. Wajerumani nao walikamata wapagazi na kuchukua nafaka za vijiji, wakaacha watu na njaa.

Lettow-Vorbeck alisalimu amri tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, sasa Mbala, Zambia. Ulaya vita ilikuwa imekwisha wiki mbili nyuma.

Nani anawakumbuka?

Wapagazi wengi hawana kaburi lenye jina. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba Waafrika wengi hawakuenziwa sawa na wazungu, ikaomba radhi.

Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927, ni ya mtu mwenye bunduki. Maandishi yake yanawataja na wapagazi, ila kwa jumla tu, bila jina hata moja. Wao tunawataja kila siku konda anapoita, "Kariakoo!"