Jua la Saa Kumi Halinaga Ushkaji

Duara la dhahabu likitema kule Nyarugusu au Rwamgasa, mkoani Geita, msela akishalipa madeni anawaza vitu viwili: pikipiki na mjengo. Mjengo ukifika kwenye linta, mabishano ya kijiweni yanahamia mlangoni. Huyu anausifia mninga, yule anataka chuma cha Kichina chenye nakshi za simba na kitasa cha rangi ya dhahabu. Wote wanauliza mlango gani mkali, ila hakuna anayeuliza utatazama wapi.

Hapo ndipo watu wanapigwa, mwanangu. Geita mjini iko karibu nyuzi 3 kusini mwa ikweta, Shinyanga mjini karibu nyuzi 4, kwa hiyo adhuhuri jua linakaaga juu juu mwaka mzima. Mlango wa kaskazini unaliona kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba, wa kusini unalipokea miezi iliyobaki. Wote wawili hawana presha: bati likitokeza mita 1 mbele ya ukuta, kivuli cha saa sita kinashuka karibu mita 2 hata mwezi wa Juni.

Noma iko mashariki na magharibi. Huko jua linakuja likiwa limeinama, linapenya chini ya bati na kukugonga usoni. La asubuhi lina afadhali, limekuta usiku umeshapoza kila kitu. La kuanzia saa tisa alasiri linakuta hewa na ukuta vimechemka tangu mchana, na ndiyo maana mlango wa magharibi unazeeka mapema kuliko wenzake.

Shinyanga wanaujua ukosefu wa kivuli kuliko mtu yeyote. Miti ilifyekwa miaka na miaka, mingine kufukuza mbung'o, mingine kupisha pamba, mpaka mkoa ukaanza kuitwa jangwa. Mwaka 1986 ikaanzishwa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, na wazee wa Kisukuma wakazirudia ngitili zao: eneo linafungwa, ng'ombe wanakaa mbali, majani na miti vinajiotea. Ichukue hiyo akili uilete uani kwako. Mwarobaini mmoja upande wa magharibi na kibaraza kilichoezekwa ni kinga ya mlango isiyobanduka.

Sasa tuje kwenye mzigo wenyewe. Mbao inapigwa na jua mara mbili. Miale inaunguza ngozi ya juu mpaka inakuwa kijivu, halafu kiangazi kinanyonya unyevu, mbao inasinyaa kwa upana na nyufa zinafunguka. Mninga na mkongo zina jina kubwa kwa sababu hazisinyai sana na mchwa hawazizoei. Ila mninga mbichi nao unapinda kama kawa, kwa hiyo muulize fundi mbao imekauka kwa muda gani. Na zile paneli za katikati zisipigwe gundi. Ziachiwe nafasi kwenye mfereji wake zipate pa kusogea. Fundi maiko anazigandisha zote, kiangazi cha kwanza tu unasikia zinapasuka. Mlango wa flashi, ule mwepesi wa plaiwudi, uache chumbani.

Vanishi ya kung'aa isiyo na rangi inauza sura dukani, ila miale inapita humo humo na kuunguza mbao kwa chini, kisha vanishi inaachia magamba. Chukua ya nje yenye kinga ya jua, au rangi kabisa. Paka mpaka ukingo wa juu na wa chini, maana huko ndiko mafundi wengi wanakosahau na ndiko unyevu unakoingilia.

Chuma hakina habari na mchwa wala nyufa, ila kinashika moto kinoma. Kikiwa cheusi na kinatazama magharibi, ni kikaango kilichosimamishwa. Upande wa jua unatanuka, wa ndani bado umepoa, mlango unabinuka kidogo na komeo linagoma. Mwambie fundi wa kuchomelea aache upenyo wa milimita 3 hivi pembeni, aanze na rangi ya kuzuia kutu, amalizie na krimu au kijivu cheupe. Ile milango iliyobandikwa picha ya mbao juu ya bati jembamba, chunguza kwanza: picha ikifubaa, hakuna msasa wa kuirudisha.

Kwa hiyo maokoto yapange hivi: kivuli kwanza, mbao kavu au chuma kizito pili, simba wa nakshi wasubiri duara litakalotema tena. Na kabla hujampa fundi advansi, nenda saa kumi ukasimame pale mlango utakapokaa. Ukishindwa kuvumilia dakika tano, usiitegemee mbao ivumilie miaka kumi.