Silikoni katika Mikondo ya Nyota Changa: Kipimo Kutoka Kimondo cha Ivuna

Makala haya yanaeleza jinsi gesi iliyo kandokando ya mikondo ya nyota changa inavyobadilika kikemia, na namna ya kupima ukubwa wa badiliko hilo. Mfano unaotumika ni silikoni, elementi ambayo, ikiungana na oksijeni, ndiyo sehemu kubwa ya mchanga wa Lusu na wa Tabora kwa jumla.

Nyota huzaliwa ndani ya mawingu ya gesi na vumbi yenye baridi ya takriban Kelvini 10. Humo, karibu silikoni yote imefungwa ndani ya chembe za vumbi, na juu ya chembe hizo maji, methanoli na amonia vimeganda kuwa utando wa barafu. Ndiyo maana katika mawingu hayo silikoni monoksidi haifikii hata molekuli 1 kwa kila molekuli trilioni moja za hidrojeni.

Nyota inayokua hurusha mikondo ya gesi pande mbili zinazokabiliana. Mkondo unapoligonga wingu tulivu, huzuka wimbi la mshtuko: gesi hupata joto na barafu hung'olewa. Kasi ikizidi takriban kilomita 25 kwa sekunde, hata kiini cha chembe humomonyoka, na silikoni inayotoka huungana na oksijeni. Katika mkondo wa L1157, ulio katika kundinyota la Cepheus, silikoni monoksidi hufikia kadiri ya molekuli 1 kwa kila molekuli milioni 10 za hidrojeni. Ongezeko hilo ni la mara laki moja au zaidi.

Je, vumbi limeangamizwa? Jibu lahitaji kujua silikoni yote ni kiasi gani. Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilianguka Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa. Vipande vilivyookotwa vilikuwa na uzito wa gramu 705. Uwiano wa elementi zake, isipokuwa zile zinazovukizwa kwa urahisi, unalingana na wa Jua, na jina lake ndilo lililotoa herufi I ya kundi la vimondo la CI. Hidrojeni hupimwa katika mwanga wa Jua, kwa kuwa kimondo hakikuihifadhi. Vipimo hivyo viwili vikiunganishwa, hupatikana takriban atomi 32 za silikoni kwa kila atomi milioni moja za hidrojeni.

Kwa hiyo molekuli milioni 10 za hidrojeni, yaani atomi milioni 20, huandamana na atomi 640 hivi za silikoni. Kati ya hizo, iliyoonekana katika silikoni monoksidi ni 1 tu. Hesabu hii huchukulia kwamba wingu lina uwiano wa Jua. Aidha, sehemu ya silikoni iliyotoka huenda imebaki kama atomi huru au imerudi kwenye vumbi. Hata hivyo, silikoni monoksidi ni dalili nyeti ya mshtuko, wala si ushahidi wa kuangamia kwa vumbi. Anayetaja ongezeko la mara laki moja pasipo kipimo hiki huweza kudhani kwamba vumbi limekwisha, ilhali sehemu yake kubwa yaweza kuwa ingali nzima.